Je, Wajua? Kampuni Nayo Ina Kwao

Je, wajua kwamba kampuni inaweza kukosa uraia wa Kenya kwa ajili ya hisa moja tu? Kifungu cha 65 cha Katiba kinasema kwamba, kwa mambo ya kumiliki ardhi, kampuni huhesabiwa raia ikiwa tu yote ni mali ya raia. Yote. Iwe na hisa 10,000, na 9,999 kati ya hizo ziwe za watu wa Chaani na Migadini, mitaa ya Mombasa. Ile moja iliyobaki ikiwa ya shemeji mwenye pasipoti ya Oman, kampuni hiyo si raia. Ardhi itakayopata ni ya kukodi, na muda wake hauzidi miaka 99.

Itazame Changamwe, hapa Mombasa, kwa jicho hilo. Kampuni ya kiwanda cha kusafisha mafuta iliundwa mwaka 1960 na Shell na BP, na mitambo ikaanza kazi 1963. Serikali ilichukua nusu mwaka 1971. Mwaka 2009 ile nusu ya pili ikanunuliwa na Essar ya India, iliyokaa nayo hadi 2016. Kwa hivyo Katiba mpya ilipoanza kutumika Agosti 2010, kiwanda kilichokuwa jirani ya Port Reitz tangu mwaka wa Uhuru kilikuwa cha kampuni ambayo, kwa kipimo cha Kifungu cha 65, si raia.

Na Bamburi je? Kampuni ile ya simiti ilianzishwa 1951. Desemba 2024 Amsons ya Tanzania iliinunua kutoka kwa Holcim ya Uswisi na wenyehisa wengine. Kiwanda hakikusogea hata hatua moja. Mwenyewe ndiye aliyehama, kutoka Ulaya hadi Afrika Mashariki.

Wala jambo hili la kampuni kuwa na kwao kwingine si geni Mombasa. Tarehe 3 Septemba 1888 Malkia Victoria aliipa hati Imperial British East Africa Company, kampuni ya William Mackinnon iliyotawala pwani hii kwa idhini ya Sultani wa Zanzibar. Ndani ya hati mlikuwa na sharti kwamba kampuni ibaki ya Kiingereza kwa sura na kwa makazi, wakurugenzi wake wawe raia wa Uingereza, na afisi yake kuu iwe huko huko. Kazi yake ilikuwa huku: forodha ya Mombasa na misafara ya bara. Kwao kukawa Uingereza.

Rudi nyuma kidogo. Mwaka 1833 Sultani Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, uliojadiliwa na mjumbe Edmund Roberts. Kipengele kimoja kilisema Wamarekani wawili wakigombana ndani ya milki ya Sultani, mwamuzi ni balozi wao peke yake. Balozi wa kwanza, Richard Waters, alifika Zanzibar 1837, mwaka uleule Mombasa ilipoingia mikononi mwa Seyyid Said. Kilichoamua nani akuhukumu hakikuwa mahali ulipokosana na mwenzio. Kilikuwa uraia wako.

Na jina Port Reitz lenyewe? Ni la Luteni John James Reitz, afisa wa Kiingereza aliyeachwa na Kapteni William Owen kusimamia Mombasa Februari 1824, wakati Wamazrui, watawala wa mji, walipotaka ulinzi wa bendera ya Uingereza. Hakuimaliza hata miezi minne. Homa ilimuua Mei mwaka huohuo. London ikaukataa ulinzi huo, ukavunjwa 1826. Jina likabaki kwenye hori.

Nayataja haya kwa sababu Port Reitz ni mahali ambapo karibu kila jina kubwa linalopita limeandikishwa kwingine. Ndege zinazotua Uwanja wa Moi, meli zinazosubiri gati za Kipevu, makontena yanayopangwa mpaka Miritini: kila kimoja kina mwenyewe, na mwenyewe ana kwao. Aliyeumizwa au aliyedhulumiwa anaijua afisi ya kwenda kulalamikia. Mahali ambapo kampuni ile inaishi kisheria, mara nyingi hapajui. Na swali hilo huweza kuiua kesi kabla ushahidi haujaguswa. Naona ni haki ya mwananchi kulijua mapema, kabla hajalipa ada ya kwanza ya wakili.

Je, wajua kwamba kesi inayotajwa zaidi nchini Kenya juu ya mamlaka ya mahakama ilihusu meli na ilitoka Mombasa? Ni ile ya meli "Lillian S", iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa Novemba 1989. Caltex ilidai pesa za mafuta. Wenye meli wakasema mahakama haina mamlaka. Jaji Nyarangi akaandika maneno ambayo mawakili wa nchi hii wanayajua kwa moyo: mamlaka ndiyo kila kitu, na jaji akishaona hana, aweke vifaa vyake vya kazi chini hapo hapo. Sheria hiyo haichagui. Inamfunga hakimu wa Shanzu kama inavyomfunga jaji wa Mahakama Kuu.

Meli yenyewe inaweza kushtakiwa kwa jina lake, kama mtu. Ndiyo maana utasikia meli imekamatwa Kilindini na amri ya mahakama kubandikwa juu yake. Mwenyewe aweza kuwa Ugiriki, bendera ya Liberia, mabaharia Wafilipino. Chombo kikiwa kwenye maji yetu, Mahakama Kuu inakipata.

Sasa twende Marekani, maana huko ndiko uraia wa kampuni ulikochambuliwa kuliko popote. Nchi hiyo ina mahakama za namna mbili: za majimbo, na za shirikisho. Kwa kawaida ugomvi wa mkataba au wa ajali ni wa mahakama ya jimbo. Lakini Katiba yao iliona hatari: mgeni kutoka jimbo jingine akija kudai mbele ya jaji na baraza la wenyeji, je, atatendewa haki? Kwa hofu hiyo wakamfungulia mlango wa pili. Mdai na mdaiwa wakiwa raia wa majimbo tofauti, au mmoja akiwa raia wa nchi ya nje, kesi yaweza kusikizwa na mahakama ya shirikisho.

Mlango huo una kizingiti cha pesa. Mwaka 1789 kilikuwa dola 500. Leo dai lazima lizidi dola 75,000, kiwango kilichowekwa na sheria ya 1996 na ambacho hakijaguswa tangu hapo.

Mwaka 1806 Jaji Mkuu John Marshall aliongeza kizuizi kingine katika kesi ya Strawbridge dhidi ya Curtiss: tofauti ya uraia iwe kamili. Wadai wakiwa kumi na wadaiwa kumi, mmoja tu wa upande huu akishiriki jimbo na mmoja wa upande ule, mlango umefungwa. Unaona inavyofanana na ile hisa moja ya Kifungu cha 65? Nchi mbili, karne mbili kati yao, na mtu mmoja anageuza hesabu yote.

Lakini kampuni ni raia wa wapi? Haina mama wala kijiji. Mwaka 1809 mahakama ya juu ya Marekani ilisema, tazameni wanachama wake. Mwaka 1844, katika kesi ya kampuni ya reli, ikageuka: kampuni ni kama raia wa jimbo lililoipa cheti. Jibu hilo la pili lilikuwa jepesi kupima, na kwa wajanja lilikuwa jepesi kuchezea.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu madereva wa teksi wa Uwanja wa Moi wataielewa hadithi hii upesi kuliko wakili. Katika mji wa Bowling Green, jimbo la Kentucky, kampuni ya teksi iliyoitwa Brown and Yellow ilikuwa na mkataba na kampuni ya reli: ni yake peke yake itakayoruhusiwa kungojea abiria ndani ya uwanja wa stesheni. Washindani wao, Black and White, hawakukubali. Wakaendelea kuingia na kuita abiria. Mahakama za Kentucky zilikuwa zimeshaonyesha kwamba mikataba ya kuhodhi namna hiyo hazitaitambua. Basi wenye Brown and Yellow wakafanya nini? Waliivunja kampuni yao ya Kentucky, wakaisajili upya Tennessee, jimbo jirani. Magari yaleyale, madereva walewale, stesheni ileile. Kwa karatasi wakawa wageni. Wakaingia mahakama ya shirikisho kama raia wa Tennessee wanaomshtaki raia wa Kentucky, na mwaka 1928 wakashinda mpaka mahakama ya juu kabisa. Jaji Oliver Wendell Holmes alipinga kwa nguvu. Miaka kumi baadaye, 1938, mahakama ileile ikaiangusha sheria iliyowapa ushindi ule: mahakama ya shirikisho inaposikiza kesi ya tofauti ya uraia, ikasema, ifuate sheria ya jimbo, isijitungie yake.

Kilichoniuma katika kesi hiyo ni wale madereva wa Black and White. Wao hawakuwa na jimbo la pili la kwenda. Dereva hana njia ya kujisajili kwingine asubuhi na kurudi jioni akiwa mgeni.

Bunge la Marekani liliziba upenyo huo 1958. Tangu wakati huo kampuni ina kwao kuwili: jimbo iliposajiliwa, na jimbo penye makao yake makuu ya kazi. Ukiwa raia wa lolote kati ya hayo mawili, wewe na kampuni ni ndugu wa jimbo moja, na mlango wa shirikisho haufunguki kwa hoja hiyo.

Makao makuu ya kazi ni wapi basi? Mahakama zilibishana kwa zaidi ya nusu karne. Majaji wengine walihesabu wafanyakazi, wengine mauzo, wengine magari. Februari 2010, katika kesi ya Hertz, kampuni ya kukodisha magari, majaji wote tisa walikubaliana: ni pale ambapo wakubwa wa kampuni wanaongoza na kutoa amri. Hertz ilikuwa na shughuli nyingi sana California, na wafanyakazi wa huko ndio walioshtaki. Lakini amri zilitoka New Jersey. Basi wakati huo kwao kulikuwa New Jersey.

Kwa upande wa usajili, Delaware, jimbo dogo la pwani ya mashariki, lina kampuni zilizosajiliwa zaidi ya milioni moja. Idadi hiyo inapita idadi ya watu wake.

Ile aina ya kampuni ambayo Wamarekani huandika LLC mwishoni mwa jina haifuati kanuni ya 1958. Mahakama za rufaa huihesabu raia wa kila mahali ambako wanachama wake ni raia. Kampuni ya aina hiyo yenye wanachama hamsini inaweza kuwa raia wa majimbo hamsini kwa mpigo.

Je, wajua kwamba Mmarekani aliyehamia Mtwapa moja kwa moja, akajenga, akazeeka hapo, hawezi kuutumia mlango huo, wala kushtakiwa kupitia humo? Bado ni raia wa Marekani, kwa hivyo si mgeni. Lakini hana jimbo analoishi, kwa hivyo si raia wa jimbo lolote. Mahakama yao ya juu iliamua hivyo 1989 katika kesi ya Mmarekani aliyekuwa akiishi Caracas.

Na mfanyabiashara wa Mombasa akiishtaki kampuni ya Dubai kule New York? Mgeni kwa mgeni: mlango wa tofauti ya uraia umefungwa. Abaki na mahakama ya jimbo, au atafute sababu nyingine.

KPA, Mamlaka ya Bandari Kenya, ingeshtakiwa huko ingepita njia nyingine kabisa. Shirika la serikali ya nje hulindwa na sheria ya Marekani ya 1976 ya kinga ya mataifa, na mdai lazima kwanza aonyeshe kwamba kinga hiyo imeondoka, kwa mfano kwa sababu ya shughuli ya kibiashara.

Haya yote yana uhusiano gani na sisi? Jibu lilianguka kutoka angani tarehe 10 Machi 2019. Ndege ya Ethiopian Airlines ET302, Boeing 737 MAX, iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi, na dakika chache baadaye ikajichimbia ardhini karibu na Bishoftu. Watu wote 157 walikufa. Wakenya walikuwa wengi kuliko raia wa taifa lingine lolote.

Kesi dhidi ya Boeing zilikusanywa Chicago, katika mahakama ya shirikisho ya kaskazini mwa Illinois. Kwa nini Chicago, wakati ndege hizo huundwa jimbo la Washington? Kwa sababu Boeing imesajiliwa Delaware, na tangu 2001 makao yake makuu yalikuwa Chicago. Mwaka 2022, kesi zikiwa bado zinaendelea, kampuni ilitangaza kuhamishia makao hayo Arlington, Virginia.

Kupata mlango hakutoshi, maana jaji wa Marekani anaweza kusema: naam, nina mamlaka, lakini kesi hii ingefaa zaidi kusikizwa kwenu. Nguvu hiyo iliimarishwa 1981 katika kesi ya Piper, iliyohusu ndege ndogo iliyoanguka Scotland. Mahakama ya juu ilisema mdai kutoka nje hapewi uzito uleule anaopewa mwenyeji anapochagua mahakama. Familia nyingi za Afrika na Asia zimerudishwa makwao kwa hoja hiyo, na huko zikakuta fidia ndogo na mdaiwa asiyeonekana.

Kwa hiyo makubaliano ya Novemba 2021 yalikuwa na uzito mkubwa. Boeing ilikubali mahakamani kwamba inawajibika kwa vifo vya ET302, na kwamba madai ya fidia yasikizwe Illinois hata kwa familia zisizoishi Marekani. Familia nazo ziliacha kudai zile pesa za kuiadhibu kampuni. Mjane wa Kenya akawa na haki ya kusimama Chicago pamoja na wengine, na asiambiwe aende akajaribu Addis Ababa. Sidhani kuna kipengele cha sheria ya mamlaka kilichowagusa Wakenya kwa karibu kuliko hicho.

Tukiwa bado kwenye habari za ndege, jua hili pia. Abiria wa safari ya kimataifa ana mkataba wake, ule wa Montreal wa 1999, ambao Kenya imo. Unampa mahali pa kumshtakia mwenye ndege: anapoishi kisheria, penye makao yake makuu ya kazi, penye afisi yake iliyokuuzia safari, au mwisho wa safari yako. Ikiwa ni kifo au jeraha, kuna mahali pa tano: nchi unayoishi wewe, mradi shirika hilo linafanya biashara huko. Tikiti ya kwenda na kurudi, Mombasa hadi Dubai hadi Mombasa, mwisho wake ni Mombasa. Begi lako likipotelea Dubai, huna haja ya kumfuata mtu huko. Miaka miwili ikipita, haki imekufa.

Bandarini nako, ajenti wa kutoa mizigo mwenye umri wa kutosha atakuonyesha karatasi ya meli, ile inayosema mzigo ni wa nani. Mbele kuna jina la meli, nambari ya kontena na uzito. Geuza nyuma. Maandishi ni madogo hivi kwamba wengine husoma kwa kuipiga picha kwa simu na kuikuza. Humo ndimo mlimo kipengele cha mahakama. Karatasi za Maersk hupeleka ugomvi Mahakama Kuu ya London, isipokuwa mizigo ya Marekani, ambayo huenda mahakama ya shirikisho ya New York. Hapag-Lloyd hutaja Hamburg. CMA CGM hutaja Marseille. Mwenye duka la vitenge wa Kongowea, mzigo wake ukiloa maji Kilindini, amekubali bila kujua kwamba kwao kwa ugomvi huo ni Ulaya.

Mahakama za Kenya hukiheshimu kipengele hicho kwa kawaida. Lakini zimesema tangu miaka ya 1980 kwamba mdai akionyesha sababu nzito, zinaweza kukisikiza kisa hapa hapa. Mzigo wa kuonyesha sababu hiyo uko kwake.

Wapo pia Wakenya walioufuata mlango wa Ulaya wenyewe. Kericho wana kisa chao. James Finlay Kenya ililima chai Kericho, ikachuna na kukausha Kericho. Lakini ilikuwa imesajiliwa Aberdeen, Scotland. Kwa hivyo mamia ya wachuma chai waliodai kwamba kazi imewaharibu migongo walikwenda kushtaki Edinburgh, na kampuni haikuweza kukana kwamba huko ni kwao. Hata hivyo, Novemba 2023 majaji wa rufaa wa Scotland waliisimamisha kesi ili madai yapitie kwanza sheria ya Kenya ya 2007 ya fidia za majeraha kazini.

Wenzao wa mashamba ya Unilever walikuwa na kazi ngumu zaidi. Walishambuliwa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Wadai 218 wakaenda London. Kampuni iliyowaajiri ilikuwa ya Kenya, kwa hivyo ilibidi waihusishe kampuni mama iliyoko Uingereza. Julai 2018 Mahakama ya Rufaa ya London ikawakatalia. Mwaka uliofuata, wanakijiji wa Chingola, Zambia, walifaulu dhidi ya Vedanta kwenye mlango uleule: mahakama ya juu ya Uingereza iliruhusu kesi yao ya maji yaliyochafuliwa na mgodi iendelee huko.

Na safari hiyo hugeuka pia. Mei 2022 Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja picha na maneno ya kutisha ya Facebook akiwa Nairobi, aliishtaki Meta, mwenye Facebook, nchini Kenya. Meta ikasema sisi ni wa Marekani, hatuna afisi wala biashara huko. Februari 2023 Mahakama ya Ajira ikakataa kuiondoa kwenye kesi, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo. Mara hii mlango ulikuwa wetu.

Turudi nyumbani kabisa. Kenya haina ule mgawanyo wa Marekani. Kaunti 47 hazina mahakama zao; hakimu wa Mombasa na wa Nairobi wanalipwa na Idara moja ya Mahakama na wanafuata sheria moja. Mkazi wa Port Reitz akiishtaki kampuni ya Nairobi, hakuna atakayeuliza tofauti ya uraia. Ataulizwa mahali, na kiasi cha pesa.

Kuhusu mahali, Sheria ya Taratibu za Kesi za Madai, kifungu cha 15, inasema kampuni huhesabiwa kuwa inafanyia biashara kwenye afisi yake kuu iliyoko Kenya. Halafu inaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: kama ina tawi mahali fulani na jambo lilitokea hapo, basi na hapo pia ni kwao. Kampuni ya malori yenye afisi kuu Nairobi na tawi Magongo, mkataba wako ukivunjwa kwenye tawi la Magongo, unaweza kuishtaki Mombasa. Usikubali mtu akwambie "nenda makao makuu".

Kuhusu pesa: mpaka shilingi milioni 1, ipo Mahakama ya Madai Madogo, inayotakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60 na ambapo unaweza kujisemea mwenyewe. Hakimu mkuu anafika milioni 20. Juu ya hapo ni Mahakama Kuu.

Jina kwenye ubao wa geti si lazima liwe jina la mdaiwa wako. Kabla ya kushtaki, agiza CR12 kupitia eCitizen. Ni karatasi inayoonyesha jina kamili la kampuni, afisi iliyosajiliwa, wakurugenzi na wenyehisa. Kesi zimefutwa kwa sababu mtu alishtaki jina la biashara ambalo kisheria si mtu.

Ukigongwa na gari la KPA au mzigo wako ukiharibiwa na wafanyakazi wake, sheria ya KPA inataka notisi ya maandishi mwezi mmoja kabla ya kushtaki, na kesi yenyewe ifunguliwe ndani ya miezi 12. Watu hukaa wakingojea barua ya majibu mpaka mwaka unapita.

Na Mikindani, mwendo mfupi kutoka Port Reitz, kuna mtaa wa Owino Uhuru. Kiwanda cha Metal Refinery EPZ kilianza 2007 kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Moshi na maji machafu vikaingia mitaani. Watoto wakaugua, damu yao ikapimwa ikakutwa na risasi. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo, akaongoza upinzani, na 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Kiwanda kilifungwa 2014.

Kufungwa kwa kiwanda hakukuwapa wakazi haki. Walipofungua kesi Mombasa mwaka 2016, hawakuishtaki kampuni peke yake. Walimshtaki na mwenye ardhi, na wizara za Serikali, na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na mamlaka ya EPZ, yaani maeneo ya viwanda vya kuuza nje, iliyoikaribisha kampuni hapo. Julai 2020 Jaji Ann Omollo wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi akawapa shilingi bilioni 1.3, zigawanywe baina ya wadaiwa. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa tuzo hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kampuni ilikuwa na mlango mmoja, nao umefungwa zaidi ya miaka kumi. NEMA ina afisi Mombasa, na hufunguliwa kila siku ya kazi.